Uzi: Italia mara ya kwanza kwa siku 10, miji mitatu au saba? Tupange njia, treni, viza na tiketi

#1 Mbuyuni_Kwetu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo ya wanaoijua Italia. Watu wazima wawili, safari inaanzia Dar, mwezi Mei, siku 10 kuanzia Jumamosi ya kuondoka mpaka Jumatatu ya kuaga. Rasimu ni hii, namba ni usiku wa kulala:

Roma 2, Napoli na Pompei 1, Pisa 1, Firenze 1, Venezia 1, Milano 1, halafu kurudi Roma 1 kupanda ndege.

Ndege haijanunuliwa, viza haijaombwa. Pigeni panga.

#2 Behewa_la_Tatu

Mkuu, kwenye rasimu yako umehesabu miji. Hesabu usiku na kuhama. Una usiku 8 na unahama mara 6. Kila ukihama, nusu siku imekwenda: hoteli wanataka chumba saa nne au saa tano asubuhi, uburute begi mpaka stesheni, upande treni, ufike ukute chumba kipya hakifunguliwi mpaka saa nane au saa tisa mchana. Mara 6 hizo ni siku 3 nzima za kuburuta mabegi kwenye mawe.

Panga hili hapa:

Milano iondoe. Ni mji mzuri ila si wa safari hii. Kinachowapeleka wengi ni Karamu ya Mwisho, mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, na ile inaingiwa kwa vikundi vidogo, dakika 15 tu, tiketi zinatolewa kwa mafungu na zinaisha mapema mno.

Pisa usilale. Ni safari ya kwenda na kurudi kutoka Firenze, treni ya mkoa, saa moja hivi.

Napoli usilale, labda uamue kuipa usiku 2 na kukata kitu kingine. Pompei, yale magofu ya mji wa kale, unaweza kuifikia kutoka Roma ukarudi jioni.

Kurudi Roma kwa ajili ya ndege ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nunua tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwenye tovuti za mashirika usibonyeze "kwenda na kurudi", chagua ile ya miji mingi. Bei mara nyingi inakaribiana, kwa sababu shirika ni lilelile. Kutoka Dar, Emirates, Qatar na Turkish wote wanafika Venezia na Roma. Ethiopian wanafika Milano na Roma, kwa hiyo ukienda nao unatua Malpensa, treni ya uwanjani mpaka Milano Centrale chini kidogo ya saa moja, kisha Venezia kama saa 2 na nusu.

Njia inakuwa mstari mmoja kushuka kusini: Venezia usiku 2, Firenze 2, Roma 4. Unahama mara 2 tu.

#3 Mbuyuni_Kwetu

Nimeelewa. Kwa nini kuanzia Venezia na si Roma?

#4 Behewa_la_Tatu

Sababu mbili. Kwanza, Venezia haina magari, ukifika umechoka unatembea tu na kupotea, huhitaji kuwahi foleni ya jumba la makumbusho. Roma ina tiketi za saa maalumu, usiziweke siku ya kutua kwa sababu ndege ikichelewa hurudishiwi hela. Pili, siku za wiki. Angalia:

Jumapili unatua Venezia. Jumatatu uko Venezia. Jumanne asubuhi Firenze, Jumatano Firenze. Alhamisi asubuhi Roma, unalala mpaka Jumatatu.

Majumba ya sanaa ya Firenze, Uffizi na Accademia (iliko sanamu ya Daudi ya Michelangelo), hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambayo ni bure na foleni yake haielezeki. Jumatano asubuhi Papa huwa na watu uwanjani, kuingia Basilika la Mtakatifu Petro kunakuwa shida. Kwa mpangilio huo hakuna mlango hata mmoja utakaokuta umefungwa. Ukisogeza safari siku mbili tu, Firenze yako inaangukia Jumapili na Jumatatu.

#5 Mmalindi

Ndugu zangu wa Bongo, nasikia harufu ya Italia nikaja. Huku kwetu Malindi kijana wa ufukweni anakusalimia "ciao" kabla ya "jambo", kwa hiyo kozi ya lugha tumeshafuzu. Acha niongeze la Venezia, maana hapo ndipo watu hukwama.

Kuna stesheni mbili. Venezia Mestre iko bara, Venezia Santa Lucia ndiyo iko kisiwani. Nyote mkiwa na usingizi mtashuka Mestre kwa sababu ubao umeandikwa Venezia. Msishuke, labda kama hoteli yenu iko huko. Hoteli za Mestre ni nafuu, na treni ya kwenda Santa Lucia ni dakika kumi na kitu. Hasara yake ni kwamba uzuri wa Venezia uko alfajiri na usiku, wageni wa siku wakishaondoka, na wewe wakati huo uko Mestre unaangalia maegesho.

Ukitua uwanja wa Marco Polo, basi la kwenda Piazzale Roma ni euro 10, dakika 20 na kitu. Hapo ndipo gari linapoishia. Kuanzia hapo ni miguu au vaporetto, yaani boti ya abiria. Tiketi moja ni euro 9.50, inadumu dakika 75. Ya saa 24 ni euro 25, kwa hiyo ukipanda mara 3 kwa siku imeshalipa. Ukipanda mara moja tu, usinunue. Boti namba 1 inapita mfereji mkuu wote ikisimama kila kituo. Panda kuanzia Piazzale Roma, ambako inaanzia, upate kiti cha mbele.

Begi: la magurudumu, dogo, moja kwa mtu. Madaraja ni mamia na karibu yote yana ngazi. Unapochagua hoteli, hesabu madaraja kati yake na kituo cha boti kilicho karibu. Mita 200 zenye madaraja 3 ni mbali kuliko mita 600 zisizo na daraja.

#6 Karani_wa_Viza

Kabla hamjafika mbali na madaraja, viza. Wengi hupanga njia nzuri halafu faili linaisaliti.

Viza ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ada euro 90 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, chini ya 6 bure. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Kwa safari ya Mei, faili liwe mezani Februari, na miadi uitafute mapema zaidi maana nafasi ndizo zinazochelewesha watu.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, tarehe zake zifunike siku ya kuingia mpaka ya kutoka. Kosa la kila siku ni bima inayoanza siku moja baada ya ndege kutua, kwa sababu mtu kahesabu kuanzia usiku wa kwanza wa hoteli.

Kila usiku uwe na kitanda. Usiku 8, uthibitisho wa usiku 8, majina ya wote wawili. Ukiandika barua ya safari kwamba utakuwa Firenze tarehe 13 na hoteli ya Firenze inaanza tarehe 14, afisa ataliona pengo hilo kabla ya kuangalia salio lako. Hifadhi hoteli zinazofutika bure. Treni za ndani usizilipie kabla ya viza, kwenye barua taja tu kwamba utasafiri kwa treni.

Na kama utaongeza nchi nyingine ya Schengen, omba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi. Siku zikilingana, omba kwa nchi ya kwanza kuingia.

#7 Mbuyuni_Kwetu

Karani, hapo nimechanganyikiwa. Treni za bei nafuu si ndizo zinazoisha mapema? Nikisubiri viza si nitalipa ghali?

#8 Behewa_la_Tatu

Swali zuri. Tofautisha aina mbili za treni, na hapa ndipo faini nyingi za wageni zinapotokea.

Treni za mwendokasi ni Frecciarossa ya Trenitalia, kampuni ya serikali, na Italo ambayo ni kampuni binafsi. Zinakimbia reli moja, stesheni zilezile, kwa hiyo linganisha bei za zote mbili. Venezia Santa Lucia mpaka Firenze Santa Maria Novella ni saa 2 na dakika chache. Firenze mpaka Roma Termini ni saa 1 na nusu hivi. Roma mpaka Napoli Centrale saa 1 na dakika 10. Bei inapanda kadiri viti vinavyojaa. Trenitalia wana ngazi 3: Super Economy haibadilishwi wala kurudishwa, Economy ina masharti ya katikati, Base unabadilisha. Viza ikitoka Machi kwa safari ya Mei bado utapata bei nzuri, hasa ukikwepa Ijumaa jioni na Jumapili jioni. Njia yako inahama Jumanne na Alhamisi, huna hofu.

Treni za mkoa, "Regionale", bei haibadiliki, hazina namba ya kiti, haziishi. Kuzinunua miezi 2 kabla hakuna faida yoyote. Lakini tiketi yake ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kupanda, itoke na tarehe na saa. Usipoigonga, kwa mkaguzi ni sawa na huna tiketi, na kusema "mimi mgeni" hakujawahi kupunguza faini. Ya kwenye simu ina kiungo cha kuithibitisha kabla ya kupanda, kibonyeze.

Stesheni sasa. Ubao wa "Partenze" ndio wa kuondoka, "Arrivi" ni wa kufika. Kwenye ubao hutakuta jina la mji wako, utakuta jina la mwisho wa safari. Treni ya Firenze kwenda Roma inaweza kuandikwa Napoli au Salerno. Anayetafuta neno Roma anaiangalia treni yake ikiondoka. Tafuta namba ya treni iliyo kwenye tiketi, kisha saa. "Binario" ni njia ya kupandia, na mara nyingi inatokea dakika 10 au 15 tu kabla. "Carrozza" ni behewa, "posto" ni kiti. Ritardo 15 maana yake imechelewa dakika 15. Ukiona "soppresso", treni imefutwa, nenda dirishani.

Mwisho, "sciopero", mgomo. Italia migomo hutangazwa mapema na orodha iko kwenye tovuti ya wizara ya uchukuzi. Siku za kazi treni za mkoa zina saa za lazima: saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku. Treni nyingi za masafa marefu zina orodha yake ya zile zisizofutwa. Angalia orodha hiyo wiki moja kabla.

#9 Bi_Mwanaidi

Wanangu, mmezungumza reli mpaka njaa imeniuma. Mtakula nini?

Kwa asiyekula nguruwe, Roma ni mji wa kuuliza. Carbonara, amatriciana na gricia, zote tatu zinapikwa kwa guanciale, shavu la nguruwe. Haionekani vizuri, inayeyuka kwenye mchuzi. Cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu, haina nyama. Firenze na Bologna, mchuzi wa "ragù" mara nyingi unachanganywa ng'ombe na nguruwe. Mkate wa piadina unaweza kukandwa kwa "strutto", na strutto ni mafuta ya nguruwe. Tiramisu nyingine zina pombe ndani. Sentensi ya kuweka kichwani ni "senza maiale, senza strutto, senza alcol", na useme kabla ya kuagiza. Jibini la Parmigiano linagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kila mtu aamue na dini yake.

Nyama ya halali Roma itafute mtaa wa Esquilino, kuzunguka Piazza Vittorio, dakika chache kwa miguu kutoka Termini. Venezia ni mji wa samaki, hapo mpwani hapotei.

Ukiona "coperto" kwenye risiti, usigombane. Ni malipo ya kukalia meza, kwa kila mtu, na lazima yaandikwe kwenye menyu. Kahawa unywe umesimama kaunta. Ukikaa, bei inaweza kuongezeka maradufu, na uwanja wa Mtakatifu Marko Venezia usiulize. Maji ya Roma yako mabombani mitaani, yanatiririka mchana kutwa na yananyweka. Beba chupa.

#10 Mmalindi

Bi Mwanaidi ametufungia jikoni. Nirudi kwenye tiketi za milango, kwa mpangilio wa nini kinunuliwe kwanza.

Vatikani, siku 60 kabla. Euro 20 na 5 za kuhifadhi mtandaoni. Chukua saa ya kwanza kabisa, Ijumaa yako. Mabega na magoti yafunikwe, wote mke na mume. Kanga begani inatosha kabisa, na ndiyo nguo bora ya safari hii.

Kolosai (Colosseo, uwanja wa kale wa Warumi), siku 30 kabla, euro 18, pamoja na magofu jirani ya Foro Romano na Palatino. Tiketi ina jina, jina lifanane na la pasipoti, na pasipoti mwende nayo.

Uffizi, euro 25 na ada ya kuhifadhi 4. Kuba la Kanisa Kuu la Firenze linapandwa kwa tiketi iitwayo Brunelleschi, euro 30, saa maalumu, ngazi 463, lifti hakuna. Anayeogopa pembamba asijaribu, katikati kunabana na kurudi nyuma ni taabu.

Mnara wa Pisa, ukiutaka, unashuka stesheni ya Pisa San Rossore na si Pisa Centrale, mnara uko dakika chache kwa miguu. Lakini treni nyingi za Firenze zinaishia Centrale, kwa hiyo ubadilishe hapo treni ya kwenda Lucca. Begi hata la mgongoni linaachwa kabla ya kupanda.

Nunueni kwenye tovuti rasmi. Zipo tovuti zinazofanana nazo mno, zinajitokeza juu kwenye utafutaji, zinaongeza bei na kuita "kuruka foleni". Foleni ya ukaguzi wa mabegi hairukwi na mtu.

#11 Behewa_la_Tatu

Pompei nayo, maana imebaki. Jumamosi yako. Frecciarossa au Italo ya asubuhi mpaka Napoli Centrale. Hapo fuata mabango ya Circumvesuviana, iko chini, stesheni inaitwa Garibaldi. Treni ya kwenda Sorrento, dakika 35 hadi 40, ushuke "Pompei Scavi Villa dei Misteri". Kuna stesheni nyingine zenye jina Pompei, zipo upande wa mji, zinakuweka mbali na lango la magofu lililo karibu na stesheni hii. Treni hiyo ni ya zamani, inajaa, begi liwe mbele ya tumbo. Tangu Novemba 2024 wanaingia watu 20,000 tu kwa siku na tiketi ina jina, kwa hiyo nunua kabla. Kivuli hakuna. Treni ya kurudi Roma ichukue ya saa 12 jioni au baada ya hapo, isiwe ya saa 10, kwa sababu Circumvesuviana ikichelewa tiketi ya bei rahisi inateketea.

#12 Mbuyuni_Kwetu

Shukrani sana. Je, kukodi gari Firenze kwenda vijijini Toscana siku ya Jumatano?

#13 Karani_wa_Viza

Kwa usiku 2 za Firenze, hapana. Leseni ya Tanzania au Kenya inahitaji kibali cha kimataifa cha udereva juu yake. Halafu kuna ZTL, maeneo ya katikati ya mji yasiyoruhusu gari la nje. Hakuna kizuizi, hakuna askari, kuna kamera tu. Ukizunguka kutafuta maegesho ukapita kamera 3, ni faini 3. Zinafika nyumbani miezi mingi baadaye, na kampuni ya gari imeshakata ada yake ya kutoa jina lako. Siena inafikika kwa basi kutoka Firenze, saa moja na kitu, na linakushusha karibu na mji wa zamani kuliko treni.

Mambo madogo kwa pamoja: kodi ya kulala inalipwa hotelini, kwa mtu kwa usiku, inapanda na nyota, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Kwenye mashine ya pesa, ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au euro, chagua euro. Soketi zao si zetu za pini tatu bapa, beba kibadilishio cha pini mbili za duara. Uwanja wa ndege wa Roma, Fiumicino, mpaka Termini, treni ya Leonardo Express ni euro 14 kwa mtu, dakika 32. Teksi nyeupe rasmi ni euro 55 kwa gari zima mpaka ndani ya kuta za kale, kwa hiyo watu 4 wenye mabegi wakae tu ndani ya teksi.

#14 Mbuyuni_Kwetu

Basi nimeandika hivi: Jumapili Venezia, Jumanne saa 3 asubuhi treni Firenze, Uffizi saa 8 mchana, Jumatano kuba asubuhi na Pisa mchana, Alhamisi Roma, Kolosai jioni yake, Ijumaa Vatikani, Jumamosi Pompei, Jumapili kutembea, Jumatatu ndege. Kuna kosa?

#15 Mmalindi

Moja. Venezia wanatoza ada ya kuingia kwa wageni wa siku, euro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa, siku maalumu kati ya Aprili na Julai, hasa mwisho wa wiki. Wewe unalala ndani ya manispaa, umesamehewa, hata ukilala Mestre. Lakini msamaha nao una namba yake, unaiomba kwenye tovuti ya ada hiyo kwa jina la hoteli, na unaibeba kwenye simu. Jumapili yako ya kutua inaweza kuangukia humo. Iombe kabla ya kupanda ndege.